Mlango wa Diepsloot

Hillbrow, Johannesburg
9 Februari 2025

Dada Zabibu,

Burhani anaondoka kesho na mzigo wake wa biashara, nikasema asije Tanga mikono mitupu. Haya siwezi kukuambia kwa simu. Ujumbe wa sauti ukifika kwako husikilizwa na nyumba nzima, mpaka muuza maandazi anatoa maoni yake. Karatasi utaisoma peke yako.

Wiki iliyopita nilikuwa njiani na Mayasa kununua uzi wa sare za shule, mara mvua ya mawe ikatushukia. Mawe kama mayai ya njiwa, dada, watu wanakimbia wamejifunika mabeseni. Tukakimbilia jumba kubwa la mawe kando ya bustani, ambalo miaka yote nilidhani ni mahakama. Mlinzi wa mlangoni alinisikia nikimwita mtoto kwa Kiswahili. Kumbe ni Mkongo wa Lubumbashi, anaitwa Évariste. Akasema, "Ingia, mama. Ni bure. Ile mawe itawapasua kichwa."

Ni nyumba ya picha. Ya kwanza niliyoiona ni ya mwanamke anamenya viazi. Hakuna kingine, viazi na kisu, lakini aliyeichora amemheshimu yule mwanamke kama wengine wanavyowaheshimu wafalme. Nikasimama pale na viatu vyangu vinachuruzika maji. Chumba cha ndani zaidi kuna kitambaa kimejaa ukuta mzima, kimeshonwa na wanawake wa kijiji fulani cha kaskazini. Nyumba zao, mbuzi wao, msiba, basi limeharibika njiani. Sindano na uzi, dada! Nikasogea mpaka pua ikaribie kugusa, nikaona ule mshono wa kurudi nyuma ulionifundisha wewe nikiwa mdogo. Moyo ukaniambia: hii kazi naijua.

Nimerudi nyumbani sikulala vizuri. Jengoni kwetu maji yamekatika tena, na lifti ilishakufa, kwa hiyo watu wa ghorofa zote wanapanda ngazi na ndoo, mpaka kwetu ya saba na kuzidi. Basi nimezishona hizo ngazi na watu wake, kwenye kipande cha shuka, kwa viraka vya kanga kuukuu. Nassir alipokuja Jumapili kutoka dukani kwake Diepsloot, nje ya jiji, akakitazama akacheka, akasema, "Hata uchovu umeutia!"

Nimekufungia humu kipande hicho. Kitazame halafu uniambie kweli. Na kama una mabaki ya vitambaa chini ya cherehani yako, usiyatupe, mpe Burhani akirudi.

Mdogo wako,
Tabia

*

Ngamiani, Tanga
2 Machi 2025

Tabia,

Leo tumeanza mfungo, na mfungaji hatakiwi kukasirika, kwa hiyo nitakasirika kwa upole.

Kwanza, ile ndoo nyekundu ya mtu wa juu umeikata kwenye pindo la kanga niliyokupa siku ya harusi yako. Usidhani sikuitambua. Kuukuu, eti! Pili, watu umewatia macho. Sina elimu ya kukutolea fatwa, lakini mimi mwenyewe sipendi, atiaye roho ni Mmoja. Usiyatie tena. Tatu, na hili ndilo limeniuma zaidi, hukupiga bandi ya kushikiza kabla ya kushona. Kitambaa kimevutika upande wa kushoto kama mdomo wa mtu anayeumwa jino. Nilikufundisha hivyo?

Nilikiweka sandukuni. Ukutani hapana, wageni wangeniuliza nini? Lakini jana nimekitoa tena. Kuna mwanamke katikati ya ngazi ameweka ndoo chini, ameshika kiuno. Nani huyo? Usiniambie ni wewe.

Nakupa mfuko mmoja wa mabaki. Humo mna hariri ya bibi harusi mmoja mwenye maringo, mna vitenge, mna kaniki. Sikupi kwa sababu nimekubali mchezo wako. Nakupa kwa sababu panya wangekula.

Mwangalie mumeo. Mtu anayelala dukani siku sita anastahili kukuta nyumba, asikute karakana.

Dada yako,
Zabibu

*

Hillbrow, Johannesburg
6 Aprili 2025

Dada Zabibu,

Idd mubarak, ingawa imepita. Mwanamke wa kwenye ngazi si mimi, ni jirani. Mimi huwa sipumziki katikati, nikipumzika siinuki.

Nimeacha kutia macho. Mwanzo nilinuna, halafu nikaona umenifaa kuliko ulivyodhani. Mtu asiye na macho lazima aseme kwa mgongo, kwa bega, kwa namna alivyoshika kitu. Sasa kila mtu ninayempita barabarani namtazama mgongo. Wakiona nimesimama kwenye robot, taa za barabarani za huku, zimewaka kijani na mimi sivuki, wanadhani nimechanganyikiwa.

Habari yenyewe ni hii. Nilikipeleka kitambaa kingine kwa Évariste, akakipeleka ndani, akatoka mama mmoja msimamizi mwenye miwani shingoni. Akakishika kwa ncha za vidole. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa dada yangu. Wanafungua chumba mwezi wa tisa kwa kazi zilizofanywa majumbani na watu wanaoishi kuzunguka ile bustani. Anataka kitambaa kimoja kikubwa, mwisho wa mwezi wa nane. Cha nini, nikamuuliza. Akasema, "Cha maisha yako." Nimekubali, dada. Mdomo ulikubali kabla yangu. Nitashona baada ya sare za watu, mezani, na meza ikijaa nitashona sakafuni.

Nassir yuko nyumbani siku hizi, anapumzika. Duka lina ukarabati kidogo. Nimekufungia kipande cha majaribio, ni mlango wa duka lake. Safari hii nimepiga bandi.

Mdogo wako,
Tabia

*

Ngamiani, Tanga
27 Aprili 2025

Tabia mdogo wangu,

Bandi nimeiona. Mshono umenyooka, hongera.

Sasa nijibu. Mlango umeushona vizuri, lakini mbele yake peupe, hakuna mtu, hakuna hata kuku. Nikasema, Tabia ninayemjua hawezi kuacha uwazi mkubwa hivi. Nikakipindua nikakitazama kwa nyuma, nikakiinua dirishani. Matundu ya sindano yamebaki. Ulishona watu mbele ya mlango, wengi, wamejazana, halafu ukawafumua wote kabla ya kunifungia.

Ni watu gani hao? Ukarabati gani huo?

Nimemwita Burhani nikamkalisha kwenye kiti. Amekunywa chai vikombe viwili na kutazama miguu yake. Nilipomwuliza kama duka limepatwa, hakukanusha. Mficha uchi hazai, Tabia. Mimi nimekulea tangu mama alipotutoka, nimekutoa miiba, sitazimia kwa habari yoyote utakayoniandikia. Kinachonikosesha usingizi ni ule uwazi.

Niandikie.

Zabibu

*

Hillbrow, Johannesburg
25 Mei 2025

Dada,

Nisamehe. Nitakuambia yote ninayoyajua, na si mengi.

Mwezi wa tatu, kumi la mwisho la mfungo, kundi la watu lilipita Diepsloot likifunga maduka ya wageni. Wengine walifunga tu, wengine walichukua. Duka la Nassir walichukua. Friji, mchele, sabuni, mpaka mizani. Nassir aliniambia hakuwepo, alikuwa ameenda kununua mali kwa jumla, akarudi akakuta mlango umefungwa na barazani patupu. Alhamdulillahi, nikasema, mali hutafutwa. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu siku hiyo anakaa kitandani ameegemea ukuta. Mayasa akimsemesha kwa Kiingereza anaitikia "ee". Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungesema rudini, na yeye angekubali, na mimi sitaki kurudi hivi, kama watu waliofagiwa.

Nikafanya ninachokijua. Kitambaa kikubwa nilianza kukishona kuhusu siku ile. Mlango katikati, umati mbele yake, mikono juu, na barabara ya vumbi. Nilikuwa nakikunja kila anapoamka. Juzi nilikwenda kupeleka sare, nikarudi nikamkuta amekitandaza sakafuni, amesimama juu yake bila viatu.

Akasema, "Ondoa."

Nikamwambia, "Nassir, hii ndiyo imetupata. Nishone nini kingine, maua?"

"Umeshona uongo."

"Uongo upi? Wewe mwenyewe umenieleza."

Akachukua koti akatoka. Alirudi usiku, akala, akalala. Kitambaa hakukigusa tena, na mkasi uko palepale mezani.

Dada, yule msimamizi amekiona nusu na amekipenda. Watu wote wanaokiona wanajua ni nini. Lakini mtu wangu anataka nikifumue. Nikifumua nitakuwa nimeficha tena, kama nilivyokuficha wewe. Nikikitundika nitakuwa nimemtundika yeye. Niambie la kufanya, nitalifanya.

Tabia

*

Ngamiani, Tanga
15 Juni 2025

Mdogo wangu,

Nimelia, nikaswali, nikashona gauni la watu, nikalia tena. Sasa niko sawa.

Sitakuambia rudini. Nilitaka, nimeandika karatasi moja nzima ya rudini, nimeichana. Wewe si kitoto cha kuitwa.

Umeniuliza ufumue au usifumue. Hujauliza la msingi. Mume wako hakusema "unaniaibisha", amesema umeshona uongo. Uongo maana yake yeye anayo kweli. Umemwuliza?

Tabia, mimi sikati nguo ya mtu bila kumpima. Hata mteja wa miaka mingi, hata ninayemjua kwa macho, nampima. Mwili hubadilika. Wewe umechukua siku ya mtu ukaikata kwa kukisia, na siku ile mwenyewe ndiye aliyeivaa. Chukua utepe wako ukampime. Usimwulize mbele ya mtoto, na usimwulize mikono mitupu. Shika sindano, ushone kitu kingine, uliza bila kumtazama. Wanaume wa kwetu hufungua mdomo kwa mtu aliyeinamia kazi.

Akisema, umsikilize mpaka mwisho. Asiposema, subiri. Mwezi wa nane bado.

Na usikiache kitambaa. Nilisema ni mchezo, nimeyarudisha maneno yangu. Ukishakuwa na kazi mkononi ambayo mtu mzima anaweza kuikasirikia hivyo, hiyo si mchezo.

Dada yako,
Zabibu

*

Hillbrow, Johannesburg
13 Julai 2025

Shemeji Zabibu,

Assalaam alaykum. Barua hii ni ya Nassir. Utashangaa, sijawahi kukuandikia tangu nilipoleta posa. Tabia amesema nikueleze mwenyewe, kwa kuwa yeye alikueleza vibaya, na alikueleza vibaya kwa sababu mimi nilimwambia vibaya.

Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa ndani ya duka.

Chumba cha duka nimekipanga kwa bibi mmoja wa pale, anaitwa Gogo Busisiwe, gogo kwao ni bibi. Anaishi uani. Tuliposikia kelele zinakuja kutoka juu ya barabara, nilikuwa bado naingiza bidhaa za barazani. Gogo akanisukuma ndani kwa mikono yake miwili, akaniambia nifunge komeo. Halafu nikasikia anaburuta kreti. Shemeji, yule mama aliweka kreti ya soda mbele ya mlango wangu akakalia.

Walichukua kila kilichokuwa nje. Friji niliisikia ikiburutwa. Halafu wakaja kwenye mlango. Mmoja akamwambia aondoke. Kizulu changu ni cha dukani, lakini maneno yake niliyaelewa yote, alisema polepole kama anayefundisha watoto. "Hayi, hapana. Hiki ni chumba changu. Mume wangu alikijenga kwa mikono. Huyu ni mpangaji wangu. Mnataka kuingia, nibebeni."

Wakamtukana. Akawa anawataja majina, mmoja mmoja, na majina ya mama zao. Wewe nilikupeleka zahanati. Wewe mama yako namdai sufuria. Mimi niko nyuma ya bati nimeshika komeo kwa mikono yote miwili, na mlango unatetemeka, sijui kama wanaupiga wao au naushikilia vibaya mimi. Mwisho wakaondoka. Akagonga kwa kifundo cha kidole akasema, "Hamba, mntanami," nenda, mwanangu. Nikatoka kwa nyuma nikaenda. Sikumshukuru hata.

Sikumwambia Tabia. Ningemwambia nini? Kwamba bibi wa miaka sabini alinikinga na mimi nikajificha? Nikasema sikuwepo. Lakini alipoushona ule mlango na umati peke yao, nikaona yule mama ameondolewa duniani, na aliyemwondoa ni mimi. Hapo ndipo nilipomwambia ameshona uongo. Kumbe uongo ulikuwa wangu.

Tabia aliniuliza Jumatatu, ameinamia suruali ya shule. Nilipomaliza hakusema pole. Akanyanyuka akatandaza kitambaa akasema, "Alikaa hivi au hivi?" Mpaka alfajiri tulikuwa tunafumua. Nimejifunza kufumua, shemeji. Kuna umati mzima sasa nimeutoa kwa kucha zangu, unarudishwa nyuma ili yeye awe mbele.

Ninachoomba ni hiki. Gogo alikuwa amevaa aproni ya njano, njano iliyofifia kwa kufuliwa, si ya ndimu. Tumezunguka maduka yote ya vitambaa mjini, ni mpya tupu, zinang'aa. Tabia anasema kwako mna nguo za zamani za kila aina. Kama ipo, mpe Burhani. Mwezi wa nane unakaribia.

Shemeji yako,
Nassir

*

Ngamiani, Tanga
3 Agosti 2025

Shemeji Nassir,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikamaliza ndipo nikakaa.

Njano hiyo ipo. Ni shuka la mtoto la marehemu mama yetu, alilomlalishia Tabia. Limefuliwa kuliko kitu chochote katika nyumba hii. Nimelikata mwenyewe, nusu yenu, nusu nimebaki nayo. Mwambie mkeo asilifue tena, asilipige pasi ya moto sana, na apige bandi.

Na wewe usiniandikie tena kwamba ulijificha. Mwenye nyumba alikuambia shika komeo, ukalishika.

Zabibu

*

Hillbrow, Johannesburg
14 Septemba 2025

Dada Zabibu,

Nakuandikia sakafuni, meza bado imejaa nyuzi na hakuna anayetaka kuipanga.

Njano ilifika Burhani akiwa amechelewa, nimebakiza siku chache. Niliipokea nikainusa, bado ina sabuni yako. Nassir ndiye aliyeikata. Mkono wake ni mzito lakini hauna wasiwasi. Nilimaliza asubuhi ileile ya kupeleka, na Évariste akatushikia lango la nyuma ili kitambaa kisikunjwe.

Jana wamefungua. Nassir alitoka alfajiri kwenda Diepsloot, mara ya kwanza tangu siku ile. Sikujua kama angefika, na sikujua kama angerudi na mtu. Saa nne nikawaona wanashuka kwenye teksi, yeye amemshika mkono bibi mfupi mwenye kofia ya sufu, nguo za kanisani. Nilipiga goti, dada, palepale kwenye lami, kama kwetu. Akaniinua akaniuliza kwa Kizulu, Mayasa akatafsiri: "Anauliza kwa nini umekonda hivyo, na mume ana duka."

Ndani kulikuwa na watu wengi. Kuna baba wa Soweto amechonga kuku kwa waya, kuna msichana amechora ndugu zake wote wamelala chumba kimoja. Cha kwetu wamekitundika ukuta wa mwisho, peke yake. Sikuwa nimewahi kukiona kimesimama wima. Umati uko nyuma, mikono juu, umekuwa mdogo. Mbele kuna kreti, na mtu amekaa ameweka mikono mapajani. Mlango nyuma yake una ufa mwembamba, na kwenye ufa nimeshona vidole vinane vya kahawia, basi.

Gogo alikitazama muda mrefu. Halafu akasema kitu, Mayasa akacheka akafunika mdomo. "Anasema yeye si mnene hivyo. Na macho yake yako wapi?"

Nikamwambia ni mambo ya dini yetu, Mayasa akamweleza. Akatikisa kichwa. Akasema basi ni sawa, mabega ni yake, watu watamjua. Kisha akanyoosha mkono akaigusa aproni. Hairuhusiwi kugusa. Nikamtazama Évariste, na Évariste akawa anatazama dari kana kwamba inavuja.

Hapo akaja bwana mmoja wa mjini na mkewe, wamevaa vizuri, bwana na kofia yake, wameshika bilauri. Wakasimama karibu na Nassir. Bwana akamwambia mkewe kwamba inasikitisha, kwamba hakuna ajuaye kama yule mtu wa nyuma ya mlango alinusurika. Hakuwa anasema na sisi. Ni mazungumzo ya mtu na picha.

Nassir akamgusa bega. Kwa miezi mingi hajasema na mgeni zaidi ya habari na kwaheri.

Akasema kwa Kiingereza chake cha dukani, kwa sauti iliyofanya watu wageuke, "Bwana, alinusurika. Ni mimi." Akanyanyua mikono yake yote miwili akamwonyesha vidole. Halafu akamshika Gogo begani akamsogeza mbele, taratibu, mpaka akawa mbele ya yule bwana. "Na huyu ndiye aliyekaa. Msalimie."

Yule bwana akaweka bilauri chini, akavua kofia.

Tabia